Mwimbaji wa taarab akifariki: maziko ya mtu na kazi ya kuihifadhi sauti

Mwimbaji wa taarab anayependwa akifariki Unguja, ugomvi hauchelewi. Mapenzi yapo tele, ila hayajapangwa. Mmoja anafungulia nyimbo za marehemu kwa sauti kubwa dukani, nyumba ya tatu kutoka penye msiba. Mwengine anatuma ujumbe kwamba wimbo fulani ameutunga marehemu, na mtunzi mwenyewe yu hai, anausoma ujumbe huo barazani kwake. Wa tatu anachangisha fedha kwa jina la familia, na familia haina habari.

Chanzo ni kimoja: watu wanachanganya kumlilia mtu na kuikumbuka sauti yake. Kumlilia mtu kuna siku zake, mahali pake na wenyewe wa kuongoza, nao ni familia. Kuikumbuka sauti ni kazi ya masikio, mikono na kalamu, na huanza msiba ukishapoa. Shabiki akiyafanya yote mawili kwa siku moja, huiudhi familia, na mara nyingi sauti yenyewe humpotea.

Siku tatu za mwanzo

Maiti ya Muislamu haicheleweshwi. Anayefariki asubuhi aghalabu huzikwa alasiri, na anayefariki usiku huzikwa siku inayofuata. Bi Kidude, Fatma binti Baraka, alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, akazikwa Kitumba siku ya pili yake. Kwa mwendo huo, mpenzi wa taarab aliyeko Wete, Tanga au Muscat asitegemee kuwahi maziko, wala asiwashawishi jamaa wamsubiri.

Wanaokuwepo nao wana nafasi zao. Mwimbaji mwanamke huoshwa na kukafiniwa na wanawake. Wanaume huswalia, hubeba jeneza na kufuata hadi kaburini. Wanawake kwa kawaida hubaki nyumbani, na huko ndiko matanga yalipo hasa. Wapenzi wa karibu wa waimbaji wengi wa kike ni wanawake wenzao, waliowasikiliza harusini na kuwatunza kwa fedha ukumbini, kwa hiyo mahali pao pa kumlilia ni ndani ya nyumba na si mbele ya kamera za makaburini. Simu ifungwe. Picha ya maiti, ya chumba cha kuoshea au ya jamaa wanaolia haipigwi hata kama aliyefariki alikuwa mtu wa watu wote.

Ubani hutolewa mkono kwa mkono kwa mtu aliyewekwa na familia kupokea, jina na kiasi vikaandikwa daftarini. Mashabiki wakitaka kuchanga pamoja, kwanza wamuulize mpokeaji huyo, kisha wamteue mmoja wao wa kukusanya, na fedha zifike kabla tanga halijaondolewa siku ya tatu. Gharama kubwa za kulisha wageni, turubai na viti zinaangukia siku hizo, na mchango unaofika wiki mbili baadaye hukuta familia imeshakopa.

Aliye mbali anaweza kushiriki khitma. Msahafu una juzuu 30, na msomaji wa kawaida humaliza juzuu moja kwa nusu saa au zaidi kidogo. Watu 30 wakigawana, khitma imekwisha kwa kikao kimoja. Kwa njia ya simu mpango huu huharibika kwa sababu moja: watu wawili huchukua juzuu ileile, na nyengine inabaki haina msomaji. Mwenye kusimamia aandike nambari 1 hadi 30, aweke jina mbele ya kila nambari, asikubali mtu aseme tu "nami nimo", na apokee taarifa ya kila aliyemaliza kabla ya dua. Juzuu iliyokosa mtu aisome yeye.

Je, nyimbo zake zipigwe?

Hapa ndipo watu wanapotofautiana kweli. Wako wanavyuoni wanaoona muziki wenyewe haufai, na mbele yao kupiga nyimbo za marehemu ni kumwongezea mzigo. Wako wanaoitazama taarab kama mashairi yenye adabu na historia ya visiwa hivi. Katika familia moja huenda ikawa kaka ana msimamo wa kwanza na binti ana wa pili. Shabiki hana haki ya kuwaamulia. Kinachofanya kazi ni kimya kamili karibu na nyumba ya msiba kwa siku zote tatu, kikundi chake kuahirisha mazoezi na shughuli, na hadhara yoyote ya muziki kungoja mpaka arobaini ipite, tena kwa ruhusa ya familia. Atakayesikiliza peke yake chumbani hamkwazi mtu.

Si kila mji hufanya hivyo. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, ambaye sauti yake ilisikilizwa sana Unguja na kuacha alama kwenye taarab yetu, alifariki tarehe 3 Februari 1975, na Cairo ilijaa watu barabarani hata umati ukalichukua jeneza mabegani kutoka kwa waliolibeba. Hayo ni ya Cairo. Huku kwetu pupa ya namna hiyo ingewavunjia heshima wafiwa.

Jambo moja husahauliwa sana. Mwimbaji mwanamume akiacha mjane, mjane huyo hukaa eda miezi minne na siku kumi, na pengine ndiye mwenye sanduku la kanda, picha na madaftari ya nyimbo. Asiendewe na mashabiki wanaoomba vitu. Waende kwa mtoto au kaka yake, waombe jambo moja tu kwa wakati huo: sanduku lisitupwe, lisigawiwe, na litolewe kwenye sakafu yenye unyevunyevu. Mengine yangoje. Kanda nyingi hupotea katika mwezi wa mwanzo, wakati chumba kinasafishwa na jamaa wa mbali kila mmoja anaondoka na kumbukumbu yake.

Wimbo ni wa nani

Mashabiki husema "wimbo wa fulani" wakiwa na maana ya aliyeuimba. Wimbo wa taarab aghalabu una watu watatu au wanne nyuma yake: aliyetunga maneno, aliyetia muziki, aliyeimba, na kikundi kilichoupiga na kuutunza katika daftari lake. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, zina nyimbo ambazo zimepita kwa waimbaji kadhaa. Aliyefariki huenda alikuwa wa tatu kuuimba, ila ndiye aliyewaingia watu moyoni.

Mfano ulio wazi ni "Kijiti". Vijana wengi wanaujua kwa sauti ya Bi Kidude, wakadhani umeanzia kwake. Wimbo ule ni wa enzi za Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini, akafunzwa na Muhsin Ali, na mwaka 1928 akaenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Siti alifariki Julai 1950. Bi Kidude aliurithi wimbo, akauweka katika koo lake, akaufikisha kwa watu ambao hawakupata kuisikia santuri. Ukisema hivyo hujampunguzia Bi Kidude kitu. Umemtaja kama alivyokuwa: mrithi mwenye nguvu kuliko mashine.

Suala hili lina sheria pia. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na jumuiya ya kuisimamia ni COSOZA. Kwa mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, haki ya mtunzi haipungui miaka 50 baada ya kifo chake. Mshairi aliyefariki mwaka 1990 basi, warithi wake wana haki juu ya maneno yake hadi mwisho wa mwaka 2040 kwa uchache. Kwa hiyo ruhusa ya familia ya mwimbaji peke yake haitoshi kuuza diski ya kumbukumbu yake. Watafutwe warithi wa mtunzi, na kikundi kiulizwe. Ukiandika jina la mwimbaji tu, umewafuta wengine wote.

Sauti iko wapi

Santuri ya zama za Siti huzunguka mara 78 kwa dakika, ina kipenyo cha sentimita 25 hivi, na upande mmoja unachukua dakika tatu tu na kitu. Ukumbini wimbo huohuo ungeendelea robo saa au zaidi, kwa kuwa mwimbaji hurudia mshororo kila anapotunzwa na wapigaji hujibu kwa ala. Unachosikia kwenye santuri ni wimbo uliobanwa, na haifai kumhukumu mwimbaji wa zamani kwa ufupi ule.

Mwenye santuri asiisafishe kwa spiriti kabisa. Spiriti huyeyusha shelaki, ambayo ndiyo mwili wa santuri. Itumike maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya dukani ya betri yasiyotiwa asidi, na tone moja au mawili ya sabuni laini, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa kufuata mzunguko wa mifereji, lebo ya katikati ikilindwa isilowe. Sindano iwe ya santuri za 78, yenye ncha nene ya maikromita 65 hadi 75. Sindano ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye, ina ncha ya takriban maikromita 18, hivyo huzama chini ya mfereji palipo na uchafu, na matokeo yake ni mikwaruzo mitupu.

Lakini hazina kubwa ya watu wa kawaida ni kaseti. Harusi za mtaa wa Ng'ambo, shughuli za Chake Chake, vipindi vya redio vilivyorekodiwa sebuleni: vyote vimo humo, na hewa ya visiwa hivi ni adui wake mkubwa. Kuvu huota kama vumbi jeupe pembezoni mwa utepe. Kaseti ya namna hiyo isiingizwe mashineni, itachafua kichwa, yaani sehemu inayosoma utepe, na kuzigusa kaseti zitakazofuata. Iwekwe kwanza ndani ya kopo linalofunga barabara pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu kwa siku kadhaa, halafu ipanguswe nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, maana kuvu ile hudhuru mapafu.

Kaseti iliyo safi nayo isichezwe papo hapo. Kwanza vunja vile vidude viwili vya plastiki vya mgongoni, ili asije mtu akabonyeza kitufe cha kurekodi na kumfuta marehemu. Pili, itazame kwa mwanga: kile kipande kidogo cha sufi kinachosukuma utepe kwenye kichwa kipo? Gundi yake hukauka kikaanguka, na sauti ikawa hafifu inayokuja na kuondoka. Kikikosekana, fungua skrubu tano za bisibisi ndogo, uhamishe magurudumu ya utepe kwenye ganda la kaseti nyengine nzima. Kaseti zilizogandishwa bila skrubu hupasuliwa taratibu kwa kisu chembamba kwenye ungio. Tatu, izungushe mbele mpaka mwisho, kisha uirudishe mwanzo, ili utepe uliokaa miaka upate kulegea. C-120, yaani kaseti ya dakika 120, ishughulikiwe kwa upole zaidi. Utepe wake una unene wa maikromita 9 hivi, nusu ya ule wa C-60, na huliwa na mashine kwa urahisi.

Mashine yenyewe isafishwe kila baada ya kaseti mbili tatu: kichwa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi, na kigurudumu cha mpira kwa maji na sabuni kidogo, kwa kuwa spiriti hukausha mpira. Halafu jambo ambalo wengi hawalijui. Kandoni mwa kichwa kuna skrubu ndogo inayorekebisha pembe yake. Mashine iliyorekodi na yako hazikupangwa sawa, ndiyo maana fidla inasikika kama imefunikwa blanketi. Ukiwa umezima Dolby, ile swichi ya kupunguza kelele, izungushe skrubu ile kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko, huku ukisikiliza sauti za "s" katika maneno na michirizi ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Pale zinapong'aa zaidi ndipo pake. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila kaseti. Anayeiruka halafu akajaribu kuirekebisha sauti kwa kompyuta anapoteza wakati wake, maana kichwa hakikukichukua kilichokuwemo.

Rekodi upande mzima bila kukata, katika faili la WAV, lisilobana sauti, la biti 24 na kiloherzi 48, kilele cha sauti kisivuke desibeli 6 chini ya mwisho wa kipimo. Saa moja ya stereo huchukua gigabaiti 1 na ushei, na kaseti ya C-90 nzima kama gigabaiti 1.6. Usiondoe mvumo wala kelele katika faili la asili. Vigelegele, mtangazaji wa redio, mtu anayeitwa jina kwa mbali, vyote ni ushahidi wa mahali na wakati. Kusafisha kufanywe kwenye nakala. Na faili likitumwa kwa WhatsApp litumwe kama hati, kwani likitumwa kama sauti linaweza kubanwa na kupoteza juu na chini.

Kasi ina hadaa yake. Kaseti iliyorekodiwa kwa redio yenye betri dhaifu huja juu na kwa haraka ukiicheza kwenye mashine nzima, na mwimbaji mwenye sauti nzito hugeuka kuwa mwembamba. Usikisie. Umeme wetu ni herzi 50, na mvumo wake huingia kupitia vipaza sauti vya ukumbini. Tazama kwenye programu ya kompyuta: mvumo ukikaa kwenye 52, kasi imezidi kwa asilimia 4, irudishe. Hakikisha tu mvumo huo unanyamaza utepe ukisimamishwa, la sivyo ni wa mashine yako. Kipimo hiki hakiaminiki penye jenereta, kama wakati ule Unguja ilipokosa umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Kuandika maneno

Sauti isiyo na maandishi huishia kuwa "kanda ya bibi fulani". Kwa kila wimbo yaandikwe mstari wa kwanza, mtunzi, mwimbaji, kikundi, wapigaji wanaotambulika, mahali, mwaka au makisio yake, na nani ametoa habari hizo. Makisio yaandikwe kuwa ni makisio. Sauti mbili za waimbaji wa kikundi kimoja hufanana sana kwenye kaseti iliyonakiliwa mara nne. Wasikilizeshwe wazee wawili, kila mmoja peke yake, kabla jina halijaandikwa. Wakiwa pamoja, anayeheshimiwa zaidi atasema na mwengine ataitikia.

Maneno yapimwe kwa mizani. Nyimbo nyingi zina mishororo mitatu kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane. Ukihesabu 15, ama hukusikia silabi moja, ama mwimbaji ameimeza, ama ameivuta moja mahali pa mbili. Rudi sikiliza, na ukiandika, andika alivyoimba yeye, lafudhi na yote. Akisema "mwengine" usimsahihishe. Kwenye fumbo, weka maelezo ya wazee mbali na faili linalogawiwa. Nyimbo za taarab zimepigana vijembe kuhusu watu wenye majina, na wajukuu wao wapo mitaani.

Usiku wa kumbukumbu

Arobaini ikipita na familia ikiridhia, kikundi kinaweza kufanya usiku wa kumkumbuka. Makosa ya usiku huo hujulikana mapema. La kwanza ni kumpa kijana wimbo mgumu kwenye ufunguo wa marehemu. Mwanamume akiimba wimbo wa mwanamke huhitaji kuushusha, mara nyingi kwa noti nne au tano, na kuushusha si kazi ya mwimbaji peke yake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti, na kuipanga upya huchukua muda ambao hadhira haitasubiri. Fidla na udi nazo hupoteza nyuzi zake wazi na kung'aa kwake. Ufunguo uamuliwe wiki mbili kabla, na nyimbo za ufunguo mmoja zifuatane.

La pili ni wingi. Nyimbo nane zinazopigwa kwa utulivu, zikitanguliwa na bashrafu, muziki wa ufunguzi usioimbwa, zinatosha usiku mzima. Kabla ya kila mmoja mshereheshaji amtaje mtunzi na aliyetia muziki, na mtunzi akiwa hai, awe amekaa mbele.

La tatu ni fedha. Watu watatunza, na watatunza kuliko kawaida. Iamuliwe na kutangazwa kabla ya wimbo wa kwanza kwamba fedha za kutunza zinaingia sanduku gani na zinakwenda kwa nani: kikundi, familia, au nusu kwa nusu. Zihesabiwe usiku uleule na watu watatu, mmoja akiwa wa familia, na kila mmoja atie saini. Familia ipewe pia flashi mbili zenye nyimbo zote zilizopatikana, moja ya kusikilizia na moja ya kuwekwa, pamoja na orodha iliyochapishwa kwenye karatasi. Nakala ya tatu ibaki kwa kikundi, na ya nne iwe nje ya mji, Pemba kwa jamaa au kwenye hifadhi ya mtandao. Na makubaliano ya nani ana ruhusa ya kuzitoa hadharani yaandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, chini ya orodha.